Mwendo wa Ioni Ndani ya Gesi: Kasi Ndogo Yenye Habari Nyingi



Naomba tuanze na hewa iliyomo ndani ya ukumbi huu. Katika kila sentimita moja ya ujazo kuna molekuli zipatazo bilioni 25 mara bilioni moja. Karibu zote hazina chaji. Hata hivyo, miale itokayo kwenye udongo, kwenye mawe na matofali, kwenye gesi ya radoni, na ile inayoshuka kutoka anga za mbali, kila sekunde hung'oa elektroni kutoka kwenye molekuli chache. Karibu na ardhi, jozi kama 10 za ioni huzaliwa kila sekunde katika kila sentimita ya ujazo. Baadhi hukutana na zenye chaji ya kinyume zikafutana, nyingine hunasa kwenye vumbi na moshi, na wakati wowote ukihesabu utazikuta mia kadhaa, pengine elfu moja. Hiyo ndiyo gesi yenye ioni haba. Kila ioni imezungukwa na molekuli nyingi mno kiasi kwamba haiwezi kabisa kukutana na ioni mwenzake bila kwanza kugongana na molekuli zisizo na chaji mara zisizohesabika.

Swali la jioni hii ni moja: ukiiwekea gesi ya namna hiyo uga wa umeme, ioni zake zinakwendaje?

Katika ombwe jibu ni rahisi. Chukua molekuli ya naitrojeni iliyopoteza elektroni moja, ivute kwa volti 1 tu, nayo itafika upande wa pili ikiwa na kasi ya mita 2,600 hivi kwa sekunde. Sasa irudishe hewani, uweke volti 1 kwa kila sentimita. Itasogea sentimita 1.5 hivi kwa sekunde. Sitii chumvi, ndiyo kasi inayopimwa.

Wala si kwamba ioni hiyo imetulia. Kwa joto la chumba, molekuli za hewa hukimbia kwa wastani wa zaidi ya mita 450 kwa sekunde, na kila moja humgonga mwenzake kabla haijakwenda hata sehemu moja ya elfu kumi ya milimita. Ioni nayo imo katika vurugu hiyo hiyo: inagongwa mabilioni ya mara kwa sekunde, mbele, nyuma, juu na ubavuni. Uga wa umeme unaivuta kidogo kati ya mgongano mmoja na mwingine, na mgongano unaofuata unaipotezea karibu yote iliyochuma. Ukilitazama kundi la nyuki linalopeperushwa na upepo mwanana, kila nyuki anazunguka kivyake, lakini kundi zima linahama. Ioni zinahama hivyo.

Ninachotaka kuwaonyesha ni kwamba uhamaji huo mdogo umebeba habari nyingi. Ioni iliyovuka sentimita chache za gesi imekwisha kupimwa na mabilioni ya molekuli. Ukiipima kasi yake kwa uangalifu utajua ni ioni ya aina gani, ina umbo kubwa kiasi gani, na hata jinsi elektroni inavyoruka kutoka atomi moja kwenda nyingine. Sharti ni moja, nalo ni gumu: lazima ujue gesi yako ina nini ndani. Historia ya taaluma hii ni historia ya watu waliopima kwa usahihi kitu ambacho sicho walichodhani wanakipima.

Tuanzie Cambridge. Mwaka 1895 maabara ya Cavendish, chini ya J. J. Thomson, ilianza kupokea wanafunzi wa utafiti kutoka vyuo vingine. Wawili wa kwanza walikuwa Ernest Rutherford, aliyetoka New Zealand, na John Townsend, aliyetoka Dublin. Mwishoni mwa mwaka huo huo Wilhelm Röntgen alitangaza huko Würzburg kwamba amegundua miale ya eksirei, na haikuchukua muda ikajulikana kwamba miale hiyo ikipita hewani, hewa inaanza kupitisha umeme. Thomson na Rutherford wakaishughulikia habari hiyo mwaka 1896. Walikuta mambo mawili ambayo mpaka leo tunayafundisha. La kwanza, gesi iliyopigwa na miale hubaki na uwezo wa kupitisha umeme kwa muda hata baada ya miale kuzimwa, na unaweza kuisukuma kwenye mrija ikafika mbali na uwezo wake. Lakini ukiipitisha kwenye pamba ya kioo, uwezo huo unatoweka. Maana yake kuna vitu ndani ya gesi, vitu vinavyonasika. La pili, ukiongeza volti, mkondo unaongezeka, kisha unafika mahali unakataa kuongezeka tena. Hapo kila ioni inayozaliwa inakusanywa kabla haijafutana na mwenzake. Huwezi kuvuna zaidi ya kilichozaliwa.

Kupima kasi kulihitaji ujanja. Mmarekani John Zeleny, aliyefanya kazi katika maabara hiyo hiyo, alipitisha hewa kwa kasi inayojulikana kati ya mirija miwili ya chuma, mmoja ndani ya mwingine, yenye volti kati yake. Hewa inazichukua ioni kwenda mbele, umeme unazivuta kwenda pembeni, na mahali zinapotua panakuambia zilivuka kwa kasi gani. Mwaka 1900 alitoa namba ambazo bado zinastahili heshima. Katika hewa kavu, chini ya uga wa volti 1 kwa sentimita, ioni chanya husogea sentimita 1.36 kwa sekunde, na ioni hasi sentimita 1.87. Katika hewa yenye unyevu, chanya 1.37, hasi 1.51.

Naomba tukae hapo kidogo, kwa sababu namba hizo nne zina mengi. Kasi gawanya kwa uga: hicho ndicho tutakachokiita wepesi wa ioni. Wepesi wa ioni hasi unashuka sana unyevu ukiingia, ule wa chanya haubadiliki. Leo tunaelewa sababu. Ioni chanya za hewa hupenda maji mno. Protoni ikishaikamata molekuli ya maji, molekuli nyingine za maji huja kujishikiza, na ioni inatembea ikiwa na kishada cha maji. Hewa ambayo mwaka 1900 iliitwa kavu bado ilikuwa na maji ya kutosha kukijaza kishada hicho. Kuongeza unyevu hakukuwa na la kuongeza. Ioni hasi hushikilia maji kwa udhaifu zaidi, kwa hiyo unyevu wa ziada ndio uliozilemea. Zeleny alipima kwa usahihi, lakini neno "kavu" lilimaanisha kitu tofauti kwa ioni chanya na kwa ioni hasi.

Mfano mwingine ulio mkali zaidi ulitokea Berlin mwaka 1910. James Franck alisafisha arigoni kadiri alivyoweza, akapima wepesi wa chaji hasi ndani yake, akakuta ni zaidi ya mara 100 ya ule wa ioni chanya. Kisha akaingiza oksijeni kidogo, na wepesi ule ukaanguka ukawa sawa na wa ioni za kawaida. Katika arigoni safi elektroni haina pa kushika, inabaki huru, nayo ni nyepesi kupita kiasi. Oksijeni huimeza elektroni na kuigeuza ioni nzito. Kasoro ndogo ya usafi inabadilisha aina ya msafiri.

Sasa swali la kwa nini. Kwa nini namba iwe karibu na 1.5, isiwe 15 wala 0.15? Mwanzoni mwa karne ya 20 kulikuwa na mabishano. Ukihesabu ioni kama molekuli moja ya kawaida inayogongana na nyingine kama mipira migumu, unapata kasi kubwa mno kuliko iliyopimwa. Kundi moja la wataalamu likasema ioni ni kishada: molekuli kadhaa zimejikusanya kuizunguka chaji, ndiyo maana inasuasua. Kundi jingine likasema ioni ni molekuli moja tu, ila chaji yake inazivuta molekuli zinazopita, hivyo migongano inakuwa mingi kuliko ya mipira migumu.

Mfaransa Paul Langevin, ambaye naye alikuwa amepitia Cavendish, alilitolea hesabu wazo hilo la pili, na mwaka 1905 akatoa nadharia ambayo hatujaiacha. Ioni inapoikaribia molekuli isiyo na chaji, elektroni za molekuli hiyo huvutwa upande mmoja, na ghafla molekuli inakuwa na ncha chanya na ncha hasi. Sasa kuna mvutano. Kani yake hupungua upesi sana kwa umbali: ukiongeza umbali mara mbili, kani inakuwa sehemu moja ya 32. Na hapa kuna jambo ambalo kila ninapolifundisha nalifurahia. Ioni yenye kasi ndogo hunaswa kutoka mbali, ioni yenye kasi kubwa hunaswa ikipita karibu tu. Lakini yenye kasi kubwa hupita karibu na molekuli nyingi zaidi kwa sekunde. Kwa kani ya aina hii hasa, mambo hayo mawili yanafidiana kabisa. Idadi ya migongano kwa sekunde haitegemei kasi. Kwa hiyo wepesi wa ioni, pale mvutano huo unapotawala, hautegemei halijoto. Unategemea mambo mawili tu, yaani jinsi elektroni za gesi zinavyovutika na tungamo za pande mbili zinazogongana. Ukiweka namba za naitrojeni, ioni nzito yoyote inatoka na wepesi wa karibu 2, jirani kabisa na vipimo.

Nani basi alishinda? Katika hewa ya kawaida, wote wawili walikuwa na sehemu ya ukweli. Mvutano wa Langevin upo, na vishada vipo. Ila kishada si lazima katika kila gesi, na kulijua hilo kulihitaji gesi safi.

Kabla sijafika kwenye gesi iliyotoa fundisho kubwa kuliko zote, niseme neno kuhusu uga. Wanafunzi wengi hudhani volti ndiyo inayotawala mwendo. Peke yake haitawali. Kinachotawala ni nishati ambayo ioni inachuma kati ya mgongano na mgongano, nayo inategemea uga ukigawanywa kwa idadi ya molekuli zilizomo katika ujazo. Ongeza uga mara mbili na msongamano wa gesi mara mbili, na ioni haioni tofauti. Uwiano huo una kipimo chake kilichopewa jina la Townsend, ambaye baadaye alikuwa profesa Oxford. Katika siku tulivu isiyo na mvua, uga wa umeme wa dunia karibu na ardhi ni kama volti 100 kwa mita, na uwiano wake ni sehemu nne tu za elfu za taunsendi moja. Hewa inapopasuka kwa cheche, uwiano umefika kama 120.

Jambo hili lina maana ya moja kwa moja kwetu. Tuseme una bomba lenye urefu wa sentimita 10 na volti 2,500 kati ya ncha zake, na ioni imelivuka kwa milisekunde 20 mjini Mombasa. Urefu kwa urefu, gawanya kwa volti mara muda: wepesi ni 2. Chukua bomba lile lile, halijoto ile ile, uende nalo Nairobi. Kule kanieneo ya hewa ni kama asilimia 82 ya ile ya pwani. Molekuli za kuizuia ioni ni chache zaidi, nayo itafika kwa milisekunde 16 na kidogo. Ioni haijabadilika hata chembe. Asiyesahihisha kwa kanieneo na halijoto atadai ameona kitu kingine. Ndiyo maana wepesi huandikwa ukiwa umerekebishwa kwenda kwenye hali moja ya pamoja, nyuzi 0 za Selsiasi na kanieneo ya usawa wa bahari, ili namba ya Nairobi iweze kulinganishwa na ya Mombasa au ya Tokyo.

Sasa heli.

Heli ni gesi sahili kuliko zote kwa kazi hii. Atomi yake ina elektroni mbili, haiungani na chochote, na ioni yake imebaki na elektroni moja. Ukitaka kuijaribu nadharia, hapa ndipo pa kuijaribia. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, Arthur Tyndall na kijana mwenzake Cecil Powell, ambaye mwaka 1950 angepata Tuzo ya Nobel kwa kazi nyingine kabisa, waliifanya kazi hiyo Chuo Kikuu cha Bristol. Walijua fundisho la usafi. Walisafisha gesi kwa bidii ambayo watangulizi wao hawakuwa nayo, wakatumia milango ya waya inayofunguka na kufunga kwa umeme ili kuachia ioni kwa mkupuo na kuzipokea kwa wakati unaojulikana. Wepesi walioupata ndani ya heli ulizidi kidogo 20, karibu kabisa na namba ya Langevin. Mtu yeyote angeridhika.

Mwaka 1934 Harrie Massey na C. B. O. Mohr wakaifanya hesabu hiyo kwa kanuni mpya za kwanta, nayo ikatoa karibu nusu ya namba ile. Nusu si kosa dogo. Ama kipimo kilichofanywa na mikono stadi kuliko zote kilikuwa na kasoro, ama kanuni za kwanta zilishindwa kwenye atomi ya pili kwa usahili duniani.

Kwa nini kwanta ilitoa nusu? Hebu fikiria ioni ya heli inapita karibu na atomi ya heli. Ni mapacha, isipokuwa mmoja amepungukiwa elektroni. Elektroni ya atomi inaweza kuvuka kwenda kwenye ioni bila kulipa nishati yoyote, kwa sababu hali ya kabla na ya baada ni ile ile. Hilo linaweza kutokea hata pande hizo mbili zikipishana kwa mbali kuliko umbali wa kugusana. Tazama matokeo yake. Ioni iliyokuwa imeshika kasi kuelekea upande wa uga imegeuka atomi isiyo na chaji, nayo inaendelea na kasi yake bila faida yoyote kwa mkondo. Atomi iliyokuwa ikizurura bila mwelekeo sasa ndiyo ioni, na inaanza upya. Hakuna aliyegongwa, lakini kila kilichochumwa kutoka kwenye uga kimepotea, sawa na kama ioni ingegongana uso kwa uso. Kupokezana huko kunaongeza msuguano sana, na wepesi unaanguka.

Ufumbuzi ulikuja baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Mwaka 1951 John Hornbeck, katika maabara za Bell huko Marekani, alifanya vipimo kwa mikupuo mifupi ya umeme, akakuta ndani ya heli kuna ioni za aina mbili zenye kasi mbili. Moja ilikuwa na wepesi uliokubaliana na hesabu ya kwanta, ambao kwa vipimo vya leo ni 10.4. Ya pili ilikuwa nyepesi zaidi ya kusogea, nayo ndiyo iliyolingana na ya Bristol. Ioni hiyo ya pili si atomi moja. Ni atomi mbili za heli zilizoshikana kwa chaji moja. Ioni ya atomi moja ikigongwa na atomi mbili kwa pamoja, na gesi ikiwa na msongamano wa kutosha, huungana na mojawapo. Tyndall na Powell walipima vizuri. Walichokipima kilikuwa molekuli, wakidhani ni atomi.

Ndugu zangu, liangalieni tena jambo hili. Ioni yenye tungamo mara mbili inasogea kwa kasi kubwa kuliko ioni ndogo. Mtu akitegemea akili ya kawaida atasema haiwezekani. Inawezekana kwa sababu ioni ya atomi mbili haina pacha wa kupokezana naye elektroni; inapogongana, inagongana kwa njia ya kawaida. Ndogo ndiyo inayonyang'anywa chaji kila inapopishana na ndugu zake. Kwangu mimi huu ni mmoja wa ushahidi mzuri kuliko wote kwamba elektroni inatii kanuni za kwanta, na uliletwa na saa, volti na chupa ya gesi safi.

Ndani ya maabara hizo hizo za Bell, Gregory Wannier alikuwa akilishughulikia swali la uga wenye nguvu. Uga ukiwa dhaifu, ioni ina joto lile lile la gesi. Uga ukiwa mkali, ioni inapashwa moto na safari yenyewe. Wannier alionyesha mwaka 1953 kwamba nishati ya wastani ya ioni ni ile ya joto la gesi, ukijumlisha nishati ya mwendo wake wa kusogea, na ukijumlisha tena nishati ambayo molekuli ya gesi ingekuwa nayo kama ingekwenda kwa kasi hiyo hiyo. Sehemu ya tatu ndiyo inayowashangaza watu: gesi nzito huivuruga ioni zaidi, maana inairudisha kila upande ikiwa na nguvu zake. Edward Mason, Larry Viehland na wengine waliiendeleza hesabu hiyo miaka ya 1970, na leo wepesi wa ioni nyingi unaweza kukokotolewa kutoka kwenye kani kati ya atomi, au kani ikatafutwa kutoka kwenye wepesi.

Kuna upande wa pili wa mwendo huu ambao sitautendea haki kwa muda tulio nao, yaani kutawanyika. Kundi la ioni likisogea, linapanuka pia. Townsend aliona mwaka 1899 kwamba ukigawanya kiwango cha kutawanyika kwa wepesi, ukubwa wa ioni na aina ya gesi vinafutika, na kinachobaki ni halijoto na chaji peke yake. Kwa joto la chumba uwiano huo ni volti 0.026 hivi. Kwa njia hiyo alithibitisha kwamba ioni ya gesi ina chaji sawa na ioni ya hidrojeni ndani ya maji, bila kuihesabu hata molekuli moja. Kwa mjenzi wa vifaa, sheria hiyo ndiyo mpaka wa uwezo wake: bomba letu la volti 2,500 haliwezi kutenganisha ioni kwa makini kuliko sehemu moja katika 90 na kidogo, hata alijenge fundi hodari namna gani. Akitaka zaidi, aongeze volti.

Niwaonyeshe sasa mahali mnapokutana na ioni hizi. Wengine wenu mna king'amuzi cha moshi darini, kile cha duara chenye betri ya volti 9. Katika aina inayotumia ioni, ndani yake kuna kibati kidogo chenye amerisi-241, chini ya sehemu moja ya milioni ya gramu, yenye nusu-uhai wa miaka 432. Kila chembe ya alfa inayotoka humo ina uwezo wa kuzalisha zaidi ya jozi laki moja za ioni hewani. Kati ya mabamba mawili madogo unapita mkondo hafifu sana, wa kiwango cha sehemu moja ya bilioni kumi ya ampea. Moshi ukiingia, ioni zinanasa kwenye chembe za moshi. Chaji ni ile ile, lakini sasa imebebwa na mwili mkubwa mno, na wepesi unaanguka mara mamia au maelfu. Kabla haijafika kwenye bamba, inapeperushwa nje au inafutana na ioni nyingine. Mkondo unapungua, king'ora kinalia. Hakuna kinachonusa wala kuona moshi. Kinachopimwa ni kuchelewa kwa ioni. Nawasihi msikifungue kifaa hicho nyumbani, na kikichakaa msikichome wala kukipondaponda.

Kwenye viwanja vya ndege, afisa anapopangusa mkoba wako kwa kitambaa na kukiingiza kwenye mashine, aghalabu mashine hiyo ni bomba la aina ile ile niliyowakokotolea. Joto linageuza masalia kuwa mvuke, mvuke unapewa chaji, mlango wa waya unafunguka kwa kitambo kidogo sana, na saa inahesabu milisekunde. Ioni ya baruti ya TNT ina wepesi wa karibu 1.5, na ikifika kwa wakati wake taa inawaka. Na katika hospitali zenye tiba ya mionzi, ikiwamo taasisi ya Ocean Road Dar es Salaam, kipimo cha mionzi kabla ya mgonjwa kulazwa chini ya mashine hufanywa kwa chemba ya ioni: hewa kidogo, volti mia kadhaa, na chaji inayokusanywa. Inajulikana kwamba kila jozi ya ioni hewani hugharimu elektrovolti 34 hivi. Ioni zikisogea polepole zikafutana kabla ya kukusanywa, chemba itasema mionzi ni michache kuliko ilivyo. Hapo kosa la fizikia ni kosa la dozi, na dozi inaingia kwenye mwili wa mtu.

Hewa yetu nayo inahusika. Ngurumo za mchana na jioni za Bonde la Kongo na Maziwa Makuu, pamoja na zile za Amerika na Asia, huchaji tabaka la juu la angahewa kwa volti kama 250,000 kuliko ardhi. Chaji hiyo hurudi chini polepole dunia nzima katika maeneo tulivu, ikibebwa na ioni zinazosogea kwa kasi ile ile ya sentimita moja na nusu kwa sekunde. Moshi wa moto wa mashamba, vumbi na unyevu wa pwani vyote hubadilisha wepesi wa wabebaji hao.

Kwa hiyo nina ombi kwa wakuu wa idara za fizikia na kemia walioko hapa, na kwa wanafunzi wanaotafuta mada. Bomba la kusafirishia ioni halihitaji ombwe la gharama wala sumaku kubwa. Linahitaji pete za chuma zilizopangwa kwa usawa, mnyororo wa vikinza, chanzo cha volti elfu mbili au tatu kilichofungwa kwa usalama, ncha ya sindano ya kuzalishia ioni, milango miwili ya waya, na kipaza mkondo kizuri. Linahitaji pia kipimahewa, kipimajoto na kipimaunyevu, na daftari ambalo ndani yake kila kipimo cha wepesi kimeandikwa pamoja na namba za vyombo hivyo vitatu. Jengeni moja pwani na moja nyanda za juu, pimeni ioni za hewa ya kiangazi na ya masika, kisha linganisheni namba zenu mkiwa mmezirekebisha kwa kanieneo na halijoto. Mkianza, nitumieni vipimo vyenu vya kwanza, hata vikiwa vinapingana.